Asubuhi Mia Nane na Sita

Kila Jumanne saa nne asubuhi Atuganile Mwaisumo alipita wodini kuwajulia hali wagonjwa wapya. Hakuwa muuguzi wala daktari. Alikuwa Mwakilishi wa Wagonjwa, amechaguliwa mara mbili mfululizo, na kazi yake ilikuwa kukaa kando ya kitanda, kusikiliza, kisha kuyafikisha kwenye baraza la wagonjwa yale ambayo mgonjwa aliona haya kumwambia daktari.

Jumanne hiyo ya mwisho wa Mei, kitanda cha dirishani kilikuwa na mwanamke wa miaka thelathini na minane hivi, mabega mapana, ameegemezwa kwenye mito mitatu. Mpira mwembamba ulitoka ubavuni mwake ukashuka hadi kwenye chupa iliyokuwa sakafuni. Ndani ya chupa mlikuwa na maji ya rangi ya chai isiyo na maziwa.

"Lita moja na robo," mwanamke alisema alipoona Atuganile anaiangalia chupa. "Na huo ni upande mmoja tu."

Aliitwa Zenobia Kapele, kutoka Sumbawanga. Alisema maneno machache, akavuta pumzi, akasema mengine machache. Kazi yake ilikuwa kukagua minara ya umeme wa upepo kule nyanda za juu za Ufipa.

"Mnara mmoja una ngazi mia tatu na arobaini, dada. Nilikuwa napanda bila kupumzika, na begi la spana mgongoni. Sasa nikienda msalani, hapo tu, napumzika mara mbili."

"Pole sana, mdogo wangu. Ulianza kukohoa lini?"

"Oktoba."

"Ukakaa nayo tangu Oktoba bila kumwambia mtu?"

"Niliiambia Mizani. Kila asubuhi." Zenobia aligusa kivimbe kidogo chini ya mtulinga wake, mahali shanga ilipopandikizwa. "Niliiambia nakohoa. Niliiambia nikilala chali najiona kama nazama. Ngoja usikie ilivyonijibu, nimehifadhi."

Akabonyeza. Sauti ikatoka, tulivu, sauti ileile ambayo kila mgonjwa nchini aliijua.

"Kwa watu walio kama wewe, hali hii hupita yenyewe ndani ya miezi minne huku dawa ikiendelea. Usiache kumeza."

"Miezi minne," Zenobia alisema. "Nikahesabu. Novemba, Desemba, Januari, Februari. Machi nikaanguka nikiwa ngazi ya sitini. Sasa dokta anasema maji wanaweza kuyatoa, lakini mishipa ya mapafu yenyewe imekaza, na hiyo hajui kama italegea."

Atuganile alimshika mkono. Swali lililofuata aliliuliza kwa sauti ndogo, na kabla hajalimaliza alikuwa ameshaanza kulijua jibu.

"Uliiuliza ni watu wangapi hao walio kama wewe?"

"Niliiuliza. Si mjinga mimi. Ikasema tuko arobaini na mmoja wenye damu ya namna hii. Waliopata maji kifuani ni sita. Aliyeendelea na dawa na maji yakakauka ni mmoja tu." Akavuta pumzi. "Lakini ikasema huyo mmoja ushahidi wake ni mzito. Hajakosa dozi hata siku moja. Nilikuwa namshukuru mtu huyo, dada. Kila nikimeza. Najiambia, kama yeye amevumilia, mimi nina nini hata nishindwe?"

Atuganile alihisi masikio yake yanawaka moto. Alikuwa na daftari mapajani la kuandikia malalamiko. Hakuandika kitu. Alisema atarudi, akamtengenezea Zenobia mto wa juu ingawa haukuhitaji kutengenezwa, akatoka nje hadi kwenye bomba la uani, akanawa uso mara tatu.

*

Ugonjwa wao ulikuwa saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Zamani ilikuwa ikiua. Siku hizi mtu aliishi nayo kama anavyoishi na kisukari, mradi ameze kidonge kimoja kila asubuhi, maisha yake yote. Kidonge kiliitwa Tulizo. Kilizituliza chembe mbovu za damu lakini hakikuzimaliza, na miaka ilivyozidi kwenda kilianza kuleta visa vyake mahali pengine mwilini. Mmoja kilimvimbisha macho, mwingine kilimziba mshipa wa mguu, mwingine kilimjaza maji kifuani. Visa hivyo vilikuwa adimu, kila kimoja na namna yake. Daktari angeweza kustaafu akiwa ameona mgonjwa mmoja tu wa aina fulani, na asijue afanye nini.

Ndiyo sababu Mizani ikatengenezwa. Kila alfajiri shanga iliyo chini ya ngozi ilionja damu, ikasikiliza mapafu na moyo, kisha ikauliza swali moja: Umemeza? Jibu na vipimo vilikwenda pamoja hadi kwenye Mizani, na huko kila mtu alilinganishwa na wale waliofanana naye zaidi kuliko watu wote. Hao waliitwa pacha wa damu. Lililompata pacha mmoja liliwafundisha wengine. Majina yalifichwa, hata kwa madaktari.

Shanga ingeweza pia kupima kama dawa imo ndani ya damu. Uwezo huo ulikuwapo tangu mwanzo, na miaka sita iliyopita baraza lilikaa siku mbili kujadili kama utumike. Aliyeumaliza mjadala alikuwa Atuganile. Alisimama akasema mgonjwa si mshitakiwa. Akasema siku tutakapoanza kuipekua damu yake ili tujue kama anasema kweli, ndiyo siku atakapoacha kutuambia hata yaliyo ya kweli. Watu walipiga makofi kwa muda mrefu, kipimo kikazimwa, na mwaka uleule wakamchagua kuwa Mwakilishi.

Aliyasema kwa moyo mweupe. Wakati huo alikuwa anameza.

*

Kwa miaka kumi na tisa Atuganile alikuwa afisa afya wa kata, na kama kuna jambo lililompa jina, basi ni vita yake dhidi ya krimu za kuchubua ngozi. Aliingia dukani bila hodi. Alikusanya makopo kwenye gunia, akayachoma uwanjani watu wakitazama. Siku moja, kwenye mkutano wa akina mama, alimsimamisha msusi mmoja mbele, akamwamuru avue mtandio, ili wote wayaone mashavu yake yalivyobabuka. Yule msusi alivua. Alikaa na mashavu wazi mpaka mkutano ukaisha, akitazama chini, na Atuganile akarudi nyumbani akijihisi amefanya kazi.

Kisha akaugua, na katika mwaka wa tano wa kumeza Tulizo uso wake ukaanza kuwa mweupe.

Ulianza pembeni mwa midomo, ukapanda mashavuni, ukashuka mikononi. Dokta wa wakati huo alimweleza kwamba dawa hiyo hulala kwenye chembe zinazoipa ngozi rangi yake, kwamba hutokea mara chache, na kwamba haina madhara. Nje ya nyumba yake na kituo cha matibabu hakuna aliyejua kwamba anaumwa. Majirani walidhani anakwenda pale kituoni kwa shughuli za kazi, naye hakuwasahihisha. Sasa walimtazama tu.

Siku moja sokoni, muuza nyanya ambaye aliwahi kuchomewa makopo yake alimwambia kwa upole kabisa, "Afisa, na sisi tuonyeshe hiyo ya kwako. Ya kwetu si ulituchomea?"

Meza tatu za jirani zikacheka. Atuganile angeweza kusema maneno mawili, naumwa saratani, na soko zima lingenyamaza. Hakuyasema. Alicheka pamoja nao, akanunua nyanya, akaenda nyumbani.

Miezi hiyohiyo kikohozi kilikuwa kimeanza, na shanga ilikuwa imesikia maji upande wa kulia wa kifua. Asubuhi ya tarehe kumi na nne Machi alikishika kidonge, akakitazama, akakiweka ndani ya kopo la zamani la maziwa ya unga.

"Umemeza?" shanga iliuliza.

"Nimemeza."

Alijiambia ni wiki moja tu, apumzike. Baada ya miezi minne kifua kilikauka. Baada ya mitano rangi yake ilirudi. Na damu, ambayo aliisubiri kwa hofu kila alfajiri, ilibaki safi. Katika wagonjwa wa saratani ile wapo wachache ambao mwili wao hujifunza kuizuia bila dawa. Hakuna aliyejua jinsi ya kuwatambua mapema. Atuganile alikuwa mmoja wao, na alikuwa amelijua hilo kwa wizi.

Muuza nyanya aliacha kumtania. Atuganile alijizoesha kutofikiri juu ya ile sekunde moja ya kila asubuhi. Hakuwahi hata siku moja kuwafikiria pacha.

*

Jumatano alfajiri, siku iliyofuata baada ya kuonana na Zenobia, alikaa ukingoni mwa kitanda akasubiri swali.

"Umemeza?"

"Sijameza."

"Asante kwa kusema. Ni kwa sababu gani?"

"Nimesahau," alisema, na hapohapo akatambua kwamba hata kuungama kwake alikuwa amekuanza kwa uongo.

Akakohoa kidogo, akauliza. Jibu lake la leo lingebadilisha ushauri wanaopewa pacha wake? Mizani ikasema dozi moja iliyokosekana haibadilishi chochote. Na kama kuanzia leo angekuwa anajibu hivyo kila siku? Mizani ikasema ushahidi mpya ungehitaji takriban miezi tisa kuuzidi ule wa zamani.

"Na kama mtu," Atuganile alisema. "Kama mtu huko nyuma alijibu isivyo kweli?"

"Naomba tarehe."

Atuganile alinyosha mkono akachukua sweta.

"Naomba tarehe," sauti ilirudia, bila kupanda wala kushuka.

Akafunga vifungo vya sweta, akaenda jikoni.

Mume wake, Ambakisye, mpima ardhi mstaafu, alikuwa mezani anamenya viazi vya kuchemsha vilivyokuwa bado vinatoa mvuke. Asubuhi za Mbeya zilikuwa zimeanza kuwa za baridi kali. Atuganile alikaa mbele yake.

"Baba Lusajo, nimemdhuru mtu."

Akamsimulia yote, akianzia kwenye chupa ya sakafuni na kurudi nyuma hadi kwenye kopo la maziwa. Alitarajia mshtuko. Ambakisye aliendelea kumenya kiazi mpaka kikaisha, akakiweka kwenye sahani ya mkewe.

"Kopo nililiona," alisema. "Mwaka jana, nikitafuta misumari."

"Ukanyamaza?"

"Uso wako ulikuwa umerudi. Ulikuwa unacheka tena. Niliona nikiuliza nitaviondoa vyote viwili." Akafuta mikono. "Kwa hiyo usiseme ni wewe peke yako. Na mimi nimo."

Alikuwa ametamani agombezwe. Jibu lile lilimwacha hana pa kushika.

"Nani mwingine anajua?" Ambakisye aliuliza.

"Hakuna."

"Huwezi kumwambia dokta bila kutaja jina?"

"Bila jina Mizani haiwezi kujua ifute ushahidi wa nani."

"Basi fikiria na hili, mama Lusajo, silisemi kukuzuia. Ukilitaja, watakiwasha kile kipimo. Watu elfu kumi na moja watapekuliwa kila asubuhi kwa ajili ya mmoja. Mle ndani wamo watu ambao heshima hiyo ndiyo kitu pekee walichobakiwa nacho."

Atuganile alikuwa amelifikiria hilo tangu jana. Lilikuwa kweli tupu. Alijua pia kwamba tangu jana alikuwa amelikumbatia kwa furaha, kama mtu aliyepata mahali pa kujificha, na kwamba wakati analikumbatia kuna watu mahali fulani waliokuwa wanakohoa na kumeza.

Akala kiazi nusu. Akavaa viatu.

*

Dokta Skolastika Ndelwa alikuwa na miaka thelathini na mitatu, amehamia kituoni mwaka jana tu, na alipomwona Atuganile mlangoni alisimama.

"Shikamoo mama. Afadhali umekuja mwenyewe, nilitaka kukutafuta."

"Marahaba, dokta."

"Kaa, mama, nikuonyeshe." Akageuza kioo cha mezani kimwelekee. Palikuwa na mistari sita, mitano ikipanda, mmoja ukishuka. "Hawa ni wale wa damu adimu waliojaa maji kifuani. Watano hawa wamemeza na maji yakaongezeka. Yule mama wa Sumbawanga ni huyu. Sasa mtazame huyu wa sita. Anameza vilevile, dozi ileile, maji yakakauka. Rangi ya ngozi ilikuwa imepotea, ikarudi. Damu safi. Miaka miwili na zaidi."

"Namwona."

"Ushauri wote wanaopewa wenzake umetoka kwake. Nilianza kufikiri Mizani imekosea, lakini haijakosea, imemwamini. Rekodi yake haina doa. Wagonjwa wengine wote hukiri kusahau mara mbili tatu kwa mwezi, kwa hiyo Mizani huwapunguzia uzito. Huyu hajawahi." Dokta aliinama mbele, macho yakimng'aa. "Mama, mimi naamini mwili wa mtu huyu una siri. Tukimpata tukamchunguza, huenda tukawaokoa wenzake. Sheria inasema jina halifunguliwi bila sahihi ya Mwakilishi. Ndiyo nilikuwa naomba, kabla ya kikao cha kesho."

Akamsogezea karatasi na kalamu.

Atuganile aliitazama karatasi ile. Aliona jinsi ambavyo angeweza kuisaini na kutoka, akaacha Mizani imtaje yenyewe, pengine jioni, yeye akiwa hayupo.

"Hana siri," alisema. "Hakuwa anameza."

"Unamjua?"

"Ni mimi, dokta."

Nje kulikuwa na mtu anasukuma toroli la vyakula, wakalisikiliza wote wawili mpaka likapita.

"Tangu lini?"

"Kumi na nne Machi, mwaka juzi. Mpaka jana. Asubuhi mia nane na sita."

"Umezihesabu."

"Nilizihesabu jana."

Dokta akavuta kibao cha kuandikia, akaingiza tarehe ya kwanza, akaingiza ya mwisho. Kioo kilififia, kikarudi. Haikuchukua hata dakika moja. Mstari uliokuwa ukishuka ukakatika katikati, na chini yake pakatokea maandishi mapya ya ushauri: acha kumeza leo, nenda kituo kilicho karibu, upigwe picha ya kifua.

"Ushauri umekwenda kwa watu watatu," dokta alisema. "Zenobia yuko hapa, tulimwachisha wenyewe."

"Ulisema watano."

"Wa tano ni mzee mmoja wa Kibondo. Alifariki Februari." Akakirudisha kioo upande wake. "Alikuwa na mambo mengine pia, moyo, na umri. Sitakwambia kwamba ni hilo, na sitakwambia kwamba si hilo. Hatutajua."

Atuganile alitaka kuuliza jina la mzee, akakumbuka kwamba majina hufichwa, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiilinda siri hiyo kuliko wote.

"Na kuna kingine, Bi Mwaisumo," dokta alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Siku zote alikuwa mama. "Damu yako imekaa safi miaka miwili bila dawa. Unaelewa hilo lilikuwa na thamani gani? Ungetuambia hata baada ya miezi sita, tungeanza kujifunza ni nani anaweza kuacha. Huenda Zenobia angeacha salama kabla mapafu hayajakaza. Hata jema ulilokuwa nalo ulilificha."

Hakupaza sauti. Akaichukua ile karatasi ya sahihi, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye droo.

*

Barazani Alhamisi Atuganile alisimama mahali palepale aliposimama miaka sita nyuma, akasema alichofanya, kwa tarehe na kwa jina. Alisema pia kuhusu uso wake, kwa kuwa aliona akiuacha huo watu watatafuta sababu ya heshima zaidi. Hakukuwa na fujo. Kilichomuumiza ni watu waliokuwa wanatafuta pa kuelekeza macho.

Aliomba jambo moja, kwamba kipimo cha dawa kisiwashwe kwa wote kwa kosa la mmoja. Hapo mjumbe mzee aliyeketi safu ya mbele, fundi saa mstaafu aitwaye Mwakatobe, ambaye miaka yote alikuwa upande wake, akaomba nafasi.

"Mwaka ule nilikunyoshea mkono, binti yangu," alisema. "Na maneno uliyosema yalikuwa mazuri, hata leo naona ni mazuri. Tatizo ni kwamba sasa sijui kama ni maneno au ni ngao." Akakaa.

Kura zilipigwa na kipimo kikapita. Kuanzia tarehe mosi Juni shanga zingeacha kuuliza. Wagonjwa wengi walilipokea kimyakimya. Wengine hamsini na wawili, katika wiki mbili za kwanza, walikuja kituoni kuomba shanga zao zitolewe, na kila mmoja aliyeandika sababu aliandika kitu kinachofanana: hawezi kuishi na mtu ndani ya ngozi asiyemwamini. Orodha yao ilibandikwa ukutani bila majina, nambari tu. Atuganile aliisoma yote akiwa amesimama.

Hakuwa Mwakilishi tena. Mjini habari ilifika upesi. Sokoni alimkuta muuza nyanya, ambaye alipima nyanya bila utani wowote, akaongeza mbili juu, akasema pole kwa ugonjwa. Huruma hiyo ilimchoma kuliko kicheko kile cha zamani, na akaondoka akijua kwamba hakuwa na haki nayo.

Zenobia alikataa kumwona. Mara mbili Atuganile alifika mlangoni mwa wodi na mara mbili muuguzi alitoka akatikisa kichwa. Wiki ya tatu muuguzi huyohuyo alimpigia simu.

"Anakuita. Njoo na kalamu."

*

Chupa ya sakafuni ilikuwa imeondolewa. Mahali pake palikuwa na mtungi wa oksijeni, na mito sasa ilikuwa miwili. Zenobia alikuwa amekonda usoni. Hakumkaribisha kiti, alikionyesha kwa kidole.

"Baraza la uchunguzi linataka maelezo yangu," alisema.

Atuganile alijua utaratibu. Tangu mashine zilipoweza kuiga sauti ya mtu yeyote, mabaraza yaliacha kupokea ushahidi wa kurekodi. Maelezo yalikubalika yakiwa yameandikwa kwa mkono tu, na asiyeweza kuandika aliandikiwa na mtu mwingine, kisha akasomewa kwa sauti mbele ya shahidi kabla hajatia dole gumba.

"Muuguzi ana mwandiko mzuri," Zenobia aliendelea. "Lakini yeye ataandika ninachosema tu. Wewe utaandika huku unajua."

"Sawa."

"Sijakuita nikusamehe."

"Najua."

"Hujui. Ulikuja hapa mara mbili umebeba matunda." Akavuta pumzi kutoka kwenye kibomba cha puani. "Andika."

Atuganile akaandika. Jina, umri, kazi, idadi ya ngazi. Mwezi wa kukohoa. Maneno ya Mizani, neno kwa neno. Zenobia alikuwa anasema sentensi moja, anafumba macho, anapumua, anasema nyingine. Ilichukua asubuhi nzima. Alisimulia jinsi alivyojilaumu kwa uvivu alipokuwa anashindwa kupanda. Alisimulia jinsi msimamizi wake alivyompa likizo na yeye akaikataa, kwa kuwa alikuwa ameambiwa yupo mtu mahali fulani aliyevumilia mpaka mwisho.

"Andika: mtu huyo alikuja kitandani kwangu. Alinishika mkono. Aliniuliza nilianza lini kukohoa. Nilimwambia kwamba namshukuru."

Kalamu ilikuwa inateleza vidoleni. Atuganile aliifuta kwenye sketi, akaandika.

"Andika: miaka miwili mtu huyo alikuwa akidanganya kila asubuhi, kwa sababu ya uso wake."

Akaandika. Zenobia akanyosha mkono, akaichukua karatasi, akaisogeza karibu na macho.

"Umeandika 'alikuwa akikosea'."

Atuganile aliangalia. Ni kweli. Mkono ulikuwa umeandika hivyo wenyewe.

"Sikusema akikosea."

"Hapana. Ulisema akidanganya."

Akafuta neno kwa mstari mmoja, akaandika lililotakiwa juu yake, akatia herufi za jina lake pembeni kama sheria inavyotaka kwa kila neno lililosahihishwa.

"Rangi yako imekaa vizuri," Zenobia alisema ghafla, akimtazama usoni. Hakukuwa na kejeli ndani yake. Alisema kama fundi anayekagua kitu.

"Imekaa."

"Ulikuwa mweupe sana?"

"Ilikuwa mabaka. Hapa, na hapa."

"Mimi ningeishi nayo," Zenobia alisema. Akafikiri kidogo. "Labda. Sijui. Kule kwetu mimi sikuchoma krimu ya mtu."

Muuguzi akaja kusimama miguuni mwa kitanda awe shahidi, mikono nyuma. Ilikuwa saa ya kutembelea wagonjwa. Vitanda vya jirani vilikuwa na ndugu zao, na mtu mmoja alikuwa anamenya chungwa.

"Sasa nisomee," Zenobia alisema. "Sauti ya kawaida, nisikie vizuri. Na usilie, utanichosha."

Atuganile alinyosha karatasi, akaanza. Alisoma jina la Zenobia na kazi yake. Alisoma minara na Oktoba na miezi minne. Alisoma kuhusu mkono ulioshikwa. Sauti ilimshikilia mpaka akafika mstari wa mwisho, ambapo sheria inadai anayelalamikiwa atajwe kwa majina yake yote, na pale akasimama.

Zenobia hakumhimiza. Alilala amefumba macho, kibomba kikilia taratibu puani mwake. Muuguzi aliangalia saa ya ukutani. Yule aliyekuwa anamenya chungwa akaacha.

"Endelea," Zenobia alisema.

Atuganile Mwaisumo akajaza kifua hewa, akalisoma jina lake mwenyewe, lote, na watu wa vitanda vya jirani wakageuka kumtazama.